Daktari wa Mifugo Anajibu: Mbona Mbwa Wangu Analala Hivi?

Barua zilizokusanyika mezani kwangu tangu joto la Februari hadi baridi hii ya Julai, nyingi zikitoka Arusha na Moshi, zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: mbwa analala chali, mbwa analala ameketi, mbwa analala majivuni, mbwa anapiga mbio usingizini. Nimefurahi kuzisoma, kwa sababu anayemtazama mbwa wake akiwa amelala ndiye anayewahi kuugundua ugonjwa. Mlalo peke yake, hata hivyo, hausemi mengi. Ninapoletewa swali la namna hii huuliza kwanza mbwa amelala juu ya nini, ni saa ngapi, hali ya hewa ikoje, na kama amekuwa akilala hivyo siku zote au ameanza juzi. Hilo la mwisho lina uzito kuliko mengine yote.

Analala akiwa ameketi

*Daktari, salaam. Mbwa wetu dume ana miaka 11. Wiki hii analala akiwa ameketi. Kichwa kinasinzia mpaka kinagusa ukuta, kisha anashtuka. Akijaribu kujilaza anainuka tena upesi. Watoto wanasema ni uvivu wa uzee. Chakula anakigusa kidogo tu. Je, ni uzee kweli? Baba wa familia, Usa River.*

Barua hii nimeitanguliza, na mwenyewe nilimpigia simu siku ile ile ilipofika, kwa kuwa kati ya milalo yote iliyoulizwa huu hauwezi kusubiri gazeti litoke. Mbwa anayesinzia akiwa ameketi au amesimama, anayetaka kulala lakini mwili unamkatalia, mara nyingi anatafuta hewa. Akijilaza kifua kinabanwa. Na ikiwa kuna maji ndani ya mapafu au kando yake, au moyo umechoka kusukuma damu, pumzi humpaa. Akiketi, akanyoosha shingo mbele na kuvisukuma viwiko nje, kifua hupata nafasi ya kutanuka. Viangalieni viwiko hivyo. Mbwa mzima aliyeketi huviacha karibu na mbavu zake, lakini mwenye shida ya pumzi huvitenga na mwili, na mara nyingi tumbo lake utaliona likivutwa ndani kila anapohema.

Kuna kipimo ambacho kila mwenye mbwa anaweza kukifanya bila chombo chochote zaidi ya saa. Mbwa akiwa amelala na kutulia, tazama ubavu wake: ukipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Hesabu kwa nusu dakika, kisha zidisha mara mbili. Mbwa mzima aliyelala kwa kawaida huvuta pumzi kati ya 15 na 30 kwa dakika. Hesabu ikipita 30 mara kwa mara, wakati hakuna joto kali wala mbwa haoti, mpeleke kwa daktari. Ikipita 40, usingoje kupambazuke. Kisha funua mdomo utazame fizi. Zikiwa na rangi ya waridi ni vizuri. Zikiwa nyeupe, damu imepungua, na kwetu huku sababu ya kwanza ya kufikiria ni kupe, ambao huambukiza vimelea vya Babesia vinavyopasua chembe nyekundu za damu. Zikiwa na rangi ya buluu au kijivu, hewa haitoshi kabisa.

Wakati wa kumsafirisha msimlaze kwa nguvu, msimbane kifua kwa kumkumbatia, wala msimnyweshe maji kwa kumshika mdomo. Aketi anavyotaka, dirisha la gari likiwa wazi.

Nikiri kwamba uzee nao unaweza kumfanya mbwa asite kulala, hasa viungo vya nyonga na magoti vinapouma. Lakini mbwa wa namna hiyo huzungukazunguka, hujishusha taratibu kwa kuguna, na akishafika chini hulala usingizi wake. Huyu wa Usa River hakuweza kubaki chini, na hiyo ndiyo tofauti iliyonifanya ninyanyue simu.

Chali, miguu minne juu

*Shikamoo Daktari. Jike letu hulala chali sebuleni, miguu yote minne juu, kichwa kimepinda upande na mdomo wazi. Mama mkwe alipokuja kututembelea alisema mbwa anayelala hivyo anaita msiba nyumbani, akataka tumwondoe. Watoto wamelia. Naomba unisaidie neno la kumwambia. Mama wa watoto watatu, Njiro.*

Marahaba. Mama mkwe apewe heshima yake yote, na mbwa abaki. Tumbo la mbwa, kwapa zake na kinena chake vina manyoya machache na ngozi nyembamba. Akivigeuza juu, joto la mwili hutoka kwa urahisi. Mbwa hana jasho la mwili mzima kama sisi. Tezi zake za jasho ziko hasa kwenye nyayo, na kazi kubwa ya kujipoza huifanya kwa kuhema ulimi nje. Ndiyo sababu sehemu zenye manyoya haba zinamfaa sana mchana wa joto.

Kuna sababu ya pili ambayo naipenda zaidi. Mbwa aliyelala chali ameweka wazi tumbo, yaani mahali ambapo adui angemdhuru kwa urahisi, na hawezi kuinuka kwa haraka, maana lazima ajigeuze kwanza. Mbwa asiyeamini mahali alipo hathubutu. Ndiyo maana mbwa koko wa sokoni utamwona amelala kifudifudi au amejikunja, tayari kuruka, ilhali yule wa sebuleni kwako anajiachia. Mama mkwe akikaa naye nusu saa tu atajionea mwenyewe: jua likifika pale alipolala, mbwa atahamia penye kivuli na kujitupa chali tena, geti likigongwa, atajigeuza kiubavu kabla hata masikio hayajasimama vizuri. Hayo ni matendo ya mnyama anayetafuta raha na kulinda nyumba, hayahusiani na msiba.

Niongeze onyo kwa ajili ya watoto. Mbwa aliyelala chali usingizini hajaomba kukunwa tumbo. Akiguswa ghafla anaweza kuuma kabla hajajua ni nani. Na mbwa aliye macho anayejitupa chali mbele ya mtu, mkia umebanwa katikati ya miguu na weupe wa macho unaonekana, anaogopa na anaomba aachwe. Msimwinamie.

Kama chura kwenye baraza

*Habari Daktari. Dume langu la German Shepherd, mwaka mmoja na nusu, hulala kifudifudi barazani, miguu ya nyuma imenyooka nyuma kama chura. Rafiki yangu anasema nyonga zimetoka. Ni kweli? Kijana wa Pasua, Moshi.*

Nyonga iliyotoka humfanya mbwa achechemee na alie, hawezi kulala nayo kwa starehe. Mbwa wako anabandika tumbo na mapaja ya ndani kwenye saruji baridi. Moshi mjini uko chini ya Arusha kwa zaidi ya mita 400, na joto la Februari na Machi mnalijua. Mbwa mwenye manyoya mazito anapopata sakafu yenye ubaridi huifuata kwa tumbo. Watoto wa mbwa hufanya hivyo hata siku za baridi kwa kuwa viungo vyao bado ni laini.

Hata hivyo rafiki yako hakusema bure, kwani mbwa wa jamii hiyo ni miongoni mwa wanaorithi ulegevu wa kiungo cha nyonga. Mtazame akiwa macho. Akikimbia na kurusha miguu ya nyuma yote miwili kwa pamoja, akisita kupanda ngazi, akiinuka kwa kujivuta na miguu ya mbele, au mapaja yakianza kukonda, apigwe picha ya eksirei. Akikimbia na kuruka vizuri, mwache na mlalo wake, ila umwekee maji kivulini na gunia la kulalia usiku, kwa sababu saruji tupu huota sugu viwikoni na sugu ikipasuka hupona kwa shida.

Jambo moja la hatari: joto la kawaida la mwili wa mbwa ni kati ya nyuzi 38.3 na 39.2. Mbwa aliyejilaza hivyo huku anahema bila kupumzika, ulimi mwekundu sana, mate mazito, na haitiki akiitwa, amezidiwa na joto. Mmwagie maji ya kawaida, mpepee, mwanzie safari ya kwa daktari akiwa bado amelowa.

Majivuni, pua chini ya mkia

*Daktari mwanangu, nakusalimu. Mbwa wangu ana kitanda cha mbao lakini kila usiku wa baridi anaingia jiko la kuni, anasubiri moto ufe, anajizungusha mara kadhaa, kisha anajikunja majivuni na pua kuifukia chini ya mkia. Asubuhi anatoka mweupe. Je, kuna madhara? Na kwa nini anajizungusha? Mwalimu mstaafu, Kibosho.*

Shikamoo, Mwalimu. Umeandika kwa namna ambayo nimemwona mbwa mwenyewe. Kujikunja ni njia ya kutunza joto: tumbo linafichwa, miguu inakusanywa, na pua, ambayo haina manyoya na hupoteza joto haraka, inafunikwa na mkia hata hewa anayoivuta inakuwa imepata vuguvugu. Kibosho mwezi wa saba, ukungu unaposhuka kutoka mlimani na jua lisionekane hadi saa sita, mbwa mwenye akili hufuata mafiga. Majivu makavu huhifadhi joto muda mrefu, tena huwasumbua viroboto, na hizo ni faida mbili anazozipata bure.

Kujizungusha ni desturi ya kale ya jamii nzima ya wanyama hawa. Mbwa hukanyaga majani au udongo ili kupata shimo linalomtosha, na huenda pia huangalia kama hakuna nyoka au mdudu, na upepo unatoka wapi. Hata kwenye sakafu tupu ambako hakuna cha kukanyaga bado hujizungusha. Mizunguko miwili au mitatu haina neno. Mbwa anayezunguka na kuzunguka, anajilaza nusu, anainuka na kuanza upya, huyo ana mahali panapomuuma.

Madhara yapo, Mwalimu. La kwanza ni makaa yaliyojificha chini ya majivu, ambayo huunguza nyayo na ngozi ya tumbo bila mtu kujua, kwa kuwa mbwa huamka kimya akajilamba. La pili ni majivu yenyewe yakikutana na maji: mbwa aliyenyeshewa akilala humo, majivu yaliyolowa huwa makali kama magadi, hukausha na kuchubua ngozi, kisha anayalamba. La tatu ni moshi, kwa mbwa anayeingia kabla moto haujafa. Dawa yake ni kumpa kitu kinachoshinda jiko. Kihambani kwako, yaani kwenye shamba la nyumbani, hamkosi majani makavu ya migomba. Yajaze kwenye gunia nene, uliweke juu ya mbao zilizoinuliwa kidogo kutoka ardhini, katika banda ambalo mlango wake hautazami upande wa upepo, na banda lenyewe lisiwe kubwa mno, maana joto la mwili wake ndilo litakalolipasha. Badilisha majani kila wiki, kwani mayai ya viroboto hukaa humo.

Akiendelea kujikunja hata saa nane mchana juani, akitetemeka na kukataa chakula, usiseme ni baridi. Mpekue ndani ya masikio, kati ya vidole na chini ya ukanda wa shingo. Homa ya kupe humkunja mbwa vile vile baridi inavyomkunja.

Anapiga miguu na kulia usingizini

*Daktari, salaam. Mbwa wetu akishalala muda kidogo hupiga miguu, midomo inatetemeka, analia kwa ndani, na macho yanazunguka chini ya kope. Mume wangu anasema ni kifafa. Dada wa kazi anasema anaona majini. Nimwamshe au nimwache? Mama wa watoto wawili, Kijenge.*

Mwache alale. Dalili ulizoeleza, tena umezieleza vizuri, ni za ndoto. Mbwa huanza na usingizi mwepesi, hushuka katika usingizi mzito, na baada ya dakika 20 hivi huingia hatua ambayo macho huzunguka kwa kasi, pumzi huwa ya kukatikakatika, na ubongo hufanya kazi karibu sawa na wa mbwa aliye macho. Hatua hiyo ilielezwa kwa binadamu mwaka 1953 na Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago. Baadaye Mfaransa Michel Jouvet, aliyefanya kazi katika mji wa Lyon, alionyesha kwa kutumia paka kwamba sehemu ya chini ya ubongo huilegeza misuli wakati huo ili mwili usitende yale ambayo ubongo unayaota. Sehemu hiyo ilipoharibiwa, paka waliinuka wakiwa usingizini, wakanyemelea na kurukia mawindo yasiyokuwapo. Kwa mbwa wako kizuizi hicho kinafanya kazi, ila hakizuii kila msuli kwa nguvu ile ile, ndiyo maana vidole, midomo na mkia vinaponyoka kidogo. Watoto wa mbwa na mbwa wazee hupiga miguu zaidi ya wengine.

Anaota nini? Mwaka 2001 Kenway Louie na Matthew Wilson wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts (MIT) nchini Marekani walirekodi ubongo wa panya waliokuwa wamekimbia katika njia ya majaribio, wakakuta mpangilio ule ule wa seli za ubongo ukijirudia panya wale walipolala. Ikiwa panya huupitia tena mchana wake usingizini, sioni sababu ya kuamini kwamba mbwa, ambaye ubongo wake ni mkubwa zaidi, hafanyi hivyo. Mweleze dada wa kazi kwa upole kwamba mbwa anakimbia njia alizokimbia mchana.

Mumeo naye hakuwaza vibaya, kwa sababu kifafa kipo kwa mbwa na mara nyingi huanza akiwa amepumzika au amelala. Tofauti iko hivi. Katika ndoto miguu hupigapiga kidogo, huacha, huanza tena, mwili ukiwa umelegea. Ukimwita jina hufumbua macho na kukutambua papo hapo. Katika kifafa mwili hukakamaa wote, kichwa huvutwa nyuma, taya hubana, miguu hupiga kwa nguvu bila kukoma, mate ya povu hutoka, mara nyingi na mkojo au haja kubwa, ukimwita hasikii. Yakipita, mbwa huzubaa, hujigonga kwenye viti, hata watu wa nyumbani huonekana hawajui kwa muda. Usimtie chochote mdomoni, mbwa hamezi ulimi wake. Ondoa vitu vinavyoweza kumuumiza, tazama saa, na mumeo arekodi video kwa simu, maana video hiyo inanisaidia kuliko maelezo ya kurasa mbili. Tukio likizidi dakika 5, au yakitokea mawili ndani ya siku moja, ni dharura.

Mbwa anayetetemeka na kutoa mate akiwa macho kabisa ni suala jingine tena. Huko kwetu kwenye mashamba ya kahawa na bustani za mboga, fikiria kwanza dawa za kuulia wadudu. Na mbwa aliyebadilika tabia ghafla, anajificha uvunguni, sauti imebadilika, taya limelegea na mate yanamdondoka, asiguswe mdomoni kwa kudhani amekwamwa na mfupa. Huenda ni kichaa cha mbwa. Aliyeumwa au kulambwa penye jeraha aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo.

Ukilazimika kumwamsha mbwa anayeota, mwite kwa jina ukiwa mbali. Wahenga walisema usimwamshe aliyelala, utalala wewe. Mimi naongeza kwamba mkono wako usiwe wa kwanza kumfikia.

Mlinzi anayelala kutwa

*Daktari, mbwa wa ulinzi analala kutwa nzima bandani, amejinyoosha kiubavu kama amekufa. Usiku anabweka vizuri. Nimpe vitamini? Msomaji wa Moshono, Arusha.*

Usimpe kitu. Mbwa mzima hulala kama saa 12 hadi 14 katika siku, na usingizi wake hugawanyika vipande vifupi. Watafiti Adams na Johnson, walipowafuatilia mbwa usiku huko Australia na kuchapisha matokeo yao mwaka 1993, waliona wastani wa dakika 16 za usingizi kwa dakika 5 za kuwa macho, mzunguko ukirudiwa usiku kucha. Mbwa anayefunguliwa saa mbili usiku na kufuata kila kishindo ukutani hadi alfajiri ana deni la usingizi, na analilipa mchana. Kulala kiubavu, miguu imenyooka, ndiko kunakompa usingizi mzito, kwa sababu misuli yote hulegea.

Ninachouliza mimi ni kama banda lako linamruhusu kunyooka hivyo. Nimeona mabanda mengi Arusha, ya mabati na nondo, ambamo mbwa mkubwa hawezi kunyoosha miguu bila kugusa kuta pande zote, na bati juu linachemka kuanzia saa tano. Mbwa wa namna hiyo hulala amejikunja kwa kulazimishwa, hapumziki, na usiku anakuwa mkali kwa sababu ya uchovu, watu wakadhani ndiyo ulinzi bora. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008. Banda lenye kivuli na nafasi ya kunyooka ni haki yake.

Mbele chini, nyuma juu

*Daktari, tangu juzi baada ya sherehe ya kipaimara, mbwa wetu anainamisha kifua na miguu ya mbele mpaka chini, makalio yakibaki juu, anakaa hivyo kama anasali. Ametapika mara mbili. Mama, Marangu.*

Mama, gazeti likikufikia naamini ameshaonwa na daktari. Mbwa akijinyoosha hivyo asubuhi kwa sekunde chache, au akifanya hivyo huku mkia unacheza mbele ya mwenzake, anajinyoosha au anaalika mchezo. Akibaki hivyo, mkia umelala, uso umekunjamana, na analirudia pozi hilo kila baada ya muda, tumbo linamuuma, na hiyo ndiyo namna aliyoigundua ya kulipunguzia shinikizo. Baada ya sherehe za kwetu mbwa hupewa mafuta ya nyama, ngozi ya mbuzi na mifupa iliyopikwa. Mafuta mengi kwa mara moja yanaweza kuamsha uvimbe wa kongosho, na mfupa uliopikwa hupasuka vipande vyenye ncha vinavyokwama au kutoboa utumbo. Tumbo likivimba na kuwa gumu, naye anajaribu kutapika bila kutoa kitu, hesabuni saa, msihesabu siku, hasa kwa mbwa mkubwa mwenye kifua kirefu.

Nawasihi wasomaji wote: msimpe mbwa dawa za maumivu za binadamu. Diclofenac na ibuprofen zinazouzwa kila duka la dawa zinaweza kulitoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo zake, na nimewapoteza mbwa waliokuwa na ugonjwa mdogo kuliko dawa waliyopewa.

Viatu na macho nusu wazi

*Daktari, analala kichwa juu ya viatu vyangu, tena macho nusu wazi, meupe. Yanatisha. Sakina.*

Viatu vina harufu yako, na harufu yako inamtuliza. Weupe unaouona ni kope la tatu, ambalo hufunika jicho usingizini. Akiamka likarudi kwenye kona ya jicho, hakuna tatizo. Likibaki limefunika jicho akiwa macho, ama lote ama nusu, aangaliwe.

Wawili walalao rundo

*Shikamoo Daktari. Nimepewa watoto wawili wa mbwa wa wiki sita. Wanalala mmoja juu ya mwingine, na wanalala sana. Niwatenganishe? Mwanafunzi, Soweto, Moshi.*

Marahaba, mwanangu. Usiwatenganishe. Mtoto wa mbwa huzaliwa hana uwezo wa kujitunzia joto mwenyewe, hivyo hulala juu ya ndugu zake tangu siku ya kwanza, na tabia hiyo hubaki hata uwezo ukishapatikana. Kulala saa 18 hadi 20 kwa siku katika umri wao ni kawaida, kwani wanakua. Wameachishwa mama mapema kidogo, wiki nane zingefaa zaidi, kwa hiyo kuwa pamoja kunawasaidia kujifunza wasiume kwa nguvu. Waweke kwenye boksi pana lenye kitambaa kikavu, chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kwa taulo iwe upande mmoja tu ili anayeona joto aweze kuhamia upande wa pili. Mmoja akionekana amejitenga na rundo na hataki kurudi, mguse masikio na fizi. Akiwa wa baridi au mlegevu, mpashe joto kwanza, usimlishe kabla hajapata joto, na umpigie simu daktari wa mifugo wa kata yako. Dawa ya minyoo waipate sasa, na chanjo za kwanza usizicheleweshe. Ya kichaa cha mbwa watapewa wakitimiza miezi mitatu, kisha kila mwaka.